Kitoweo kwanza: maswali yenu kuhusu kula baada ya operesheni ya kupunguza tumbo

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari za watu wanaofanya operesheni ya tumbo ili wapungue uzito, basi meseji zikamiminika, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: nikishatoka hospitali nakula nini? Wengi wenu mmefanyiwa India, wengine Nairobi, wengine Muscat au Dubai, mnarudi nyumbani na karatasi ya chakula imejaa vitu ambavyo sokoni Buguruni wala Kongowea huvioni, mnaishia kubahatisha. Leo ukurasa wote ni wenu.

Kwa ambao ndo wanasikia leo, operesheni zinazofanyika sana ni mbili. Slivu, hapo daktari anakata na kuondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, kinachobaki ni kibomba chembamba. Na baipasi, hapo anatengeneza kifuko kidogo cha kama mililita 30, sawa na vijiko viwili vya mezani, anakiunga moja kwa moja na utumbo mdogo, kwa hiyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Kuna na puto, kama lile wanaloweka hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, hilo halikati kitu, linaingizwa kwa mdomo na baadae linatolewa, kwa hiyo habari ya vitamini za maisha haiwahusu sana watu wa puto ila ya kula taratibu inawahusu kabisa.

Dada habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Tabata, nilifanya baipasi India miezi mitano iliyopita na nimepungua sana namshukuru Mungu. Shida yangu ni asubuhi. Nikinywa uji, na mi uji bila sukari siuwezi kabisa, haipiti nusu saa moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linasokota alafu naharisha, nalala mpaka saa nne ndo naamka. Mume wangu anasema presha, mama mkwe anasema nimerogwa na walioniona nimependeza. Nisaidie.

Pole sana mama. Presha kapime maana kupima ni jambo la dakika mbili, ila ulivyoeleza hii inaitwa dampingi na waliofanya baipasi wengi wanaipata. Iko hivi: zamani tumbo lako lilikuwa na mlango kwa chini, linashikilia chakula na kukiachia kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo. Baipasi imeuruka ule mlango. Sasa uji ni laini, una sukari, unateremka wote kwa mara moja, na sukari ikifika kwenye utumbo inavuta maji kutoka kwenye damu yaje pale, ndo hapo utumbo unajaa unasokota, moyo unakimbia, jasho linatoka. Kawaida inaanza dakika 10 hadi 30 baada ya kula, kama unavyosema mwenyewe.

Kuna na ya pili ambayo inachelewa, inakuja saa moja hadi tatu baada ya kula, hiyo mwili umemwaga insulini nyingi kwa sababu ya ile sukari iliyoingia kwa kasi, sukari ya damu inashuka kupita kiasi, unatetemeka, unasikia njaa kali, kichwa chepesi, wengine wanazimia. Hiyo ikikupata hata mara moja mwambie daktari wako, na kama unaendesha gari au bodaboda usiichukulie kirahisi hata kidogo.

Cha kufanya: uji wa sukari acha kwa sasa, najua unaupenda lakini acha. Na juisi ya miwa, soda, chai yenye sukari nyingi, maandazi, vitumbua, na vya mafuta mengi kama sambusa na chipsi, vyote hivyo vinaleta mchezo uleule. Asubuhi anza na yai la kuchemsha au mtindi usio na sukari, au maharage yaliyoiva laini, kula mkavu bila kinywaji, ukimaliza subiri nusu saa ndo unywe chai yako isiyo na sukari. Ukitaka kitu cha unga unga chukua kipande kidogo cha kiazi kitamu baada ya yai sio kabla. Milo iwe midogo, mitano au sita kwa siku. Siku ikikutokea bahati mbaya, jilaze kama dakika 20, inasaidia maana chakula kinateremka polepole zaidi ukiwa umelala. Kama maziwa freshi yanakuharisha hata bila sukari usishangae, baada ya baipasi tumbo la wengine linayakataa, mtindi mara nyingi unapita vizuri.

Na mama mkwe mweleze kwa upole huo mlango uliorukwa, akielewa atakuwa wa kwanza kukuchemshia hilo yai.

Mimi ni kijana wa Likoni, slivu nilifanya Nairobi miezi minne ilopita. Nimeambiwa nile protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, mkebe wa poda ya protini ukiuliza bei wataka kulia. Nikila chapati na nyama vinanikwama hapa kifuani, natapika povu jeupe. Nyumbani wakiniona sili wadhani nimewakasirikia. Nile nini mimi?

Kaka, poda sio lazima. Inasaidia wiki za mwanzo wakati bado upo kwenye vya kunywa, lakini mtu wa Likoni kukosa protini ilhali bahari iko mlangoni, hapana, hilo tutalirekebisha leo.

Angalia sahani zetu. Kuanzia Mombasa mpaka Mbeya, sahani ni mlima wa wali au ugali, alafu kitoweo pembeni kidogo cha kusindikizia. Kwa tumbo la kawaida sawa, mtu anakula vyote. Lakini wewe tumbo lako sasa vijiko kadhaa limejaa, ukianza na ugali kitoweo hakitapata nafasi, na hicho kitoweo ndo kinachobeba misuli yako, ngozi, nywele, kinga, kila kitu. Mwili unaopungua kwa kasi usipopata protini hauunguzi mafuta peke yake, unakula na misuli, ndo unaona mtu kapungua kilo 40 ila kupanda ngazi hawezi. Kwa hiyo kitoweo kwanza. Samaki kwanza, yai kwanza, maharage kwanza, alafu mboga ya majani, alafu nafasi ikibaki ndo ugali tonge moja mbili. Isipobaki basi, ugali utakuwepo kesho.

Hesabu zake hizi hapa. Yai moja lina kama gramu 6 za protini. Samaki au kuku aliyepikwa gramu 100, kiasi cha kiganja hivi, anakupa kati ya 20 na 25 au zaidi kidogo. Kikombe cha mtindi gramu 8. Maharage au dengu zilizoiva nusu kikombe gramu 7 hadi 9. Dagaa wakavu ndo usiseme, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, wasage wawe unga, kijiko kimoja tia kwenye supu au kwenye maharage, hata hutasikia harufu ukiweka ndimu na tangawizi, na mifupa yake inakupa kalsiamu pia. Nikikupangia siku moja: mayai mawili asubuhi, saa nne mtindi, mchana changu au tasi wa kupaka nazi kidogo (nazi isiwe nzito maana mafuta mengi yatakuchafua), jioni dengu zilizotiwa unga wa dagaa, usiku kuku wa mchuzi aliyeiva mpaka anaachana na mfupa. Umeshafika 60 na poda hukununua.

Sasa hilo la kukwama. Chapati, mkate laini, wali uliokauka na nyama choma ndo vinaongoza kwa kukwama, mkate na chapati vinageuka donge na nyama choma ina nyuzi. Povu ni mate yanayotengenezwa kujaribu kuteremsha kilichokwama. Mara nyingi ni kwamba umekula haraka, tonge kubwa, au hujatafuna. Tumia kijiko cha chai, tafuna mpaka kiwe kama uji ndo umeze, weka kijiko chini, subiri, ndo uchukue kingine, mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Kifua kikianza kubana acha hapohapo hata kama ni kijiko cha tatu, usishushie kwa maji, maji juu ya kitu kilichokwama ndo yanaleta kutapika. Maji yako unywe kati ya milo, mafunda madogo madogo siku nzima mpaka ufike lita moja na nusu hadi mbili, kwa joto la Mombasa ukizembea hapo utaishia kwenye dripu. Kama kukwama kunazidi, hata supu haipiti, rudi kwa daktari akuchungulie, kuna wanaopata mbano kwenye kile kibomba na inatibika.

Na nyumbani ongea nao. Waambie "mpishi hana kosa, tumbo ndo dogo". Kwetu kumkatalia mtu chakula ni kama kumkataa mwenyewe, mama yako anapokuongezea kijiko anakupenda, kwa hiyo kaa mezani nao mpaka mwisho, tumia sahani ndogo ya chai, ongea, cheka, uwepo wako ndo wanautaka zaidi.

Mume wangu amefanya slivu wiki sita zilizopita. Kila akila anatapika, wiki ya tatu sasa. Jana ameanza kusema anaona vitu viwili viwili, miguu ina ganzi anatembea anayumba kama mlevi na hata kileo hatumii. Ndugu wanataka tumpe maji ya glukozi apate nguvu. Mke, Kigoma.

Huyu dada tulimpigia simu siku ileile meseji ilipoingia, hatukusubiri gazeti. Naichapisha kwa sababu nataka kila mwenye mgonjwa wa hivi aikariri.

Kutapika mfululizo baada ya operesheni hii sio jambo la kuvumilia. Mwili unaweka akiba ndogo sana ya vitamini B1, mtu asipokula na akatapika kwa wiki mbili tatu akiba inakwisha, na ubongo na mishipa ya fahamu ndo inaumia. Macho kuona mbili, kuyumba, kuchanganyikiwa, ganzi ya miguu, ukiona hata kimoja ni hospitali sasa hivi, hata iwe usiku wa manane. Na ukifika sema kwa sauti: amefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, anatapika wiki kadhaa, tunaomba apewe B1 ya sindano kabla ya dripu ya glukozi. Hii ni muhimu kuliko yote niliyoandika leo, kwa sababu mwili unatumia B1 kuichoma sukari, ukimpa glukozi mtu ambaye B1 imeisha unamalizia ile tone iliyobaki na hali inaweza kuwa mbaya zaidi ndani ya muda mfupi. Daktari wa zamu huenda hajawahi kuona mgonjwa wa slivu maisha yake yote, sio kosa lake, wewe ndo umpe hiyo habari. Beba karatasi za operesheni. Ikitibiwa mapema watu wanapona, ikichelewa kuna wanaobaki na usahaulifu au kuyumba moja kwa moja.

Na wiki za mwanzo kabisa, homa, moyo kwenda mbio hata ukiwa umepumzika, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, rudi ulipofanyiwa au hospitali kubwa iliyo karibu siku hiyohiyo, yaweza kuwa pale palipokatwa panavuja.

Assalam alaykum bi dada. Nipo Muscat, kwetu Unguja. Nimefanya slivu mwezi wa Rajabu, Ramadhani ndo hiyo inakuja nami sijawahi kuacha funga tangu nivunje ungo isipokuwa kwa ada na uzazi. Nifunge?

Waalaykum salaam bibie. Kwa upande wa mwili, mwaka huu ningekuomba usifunge. Wewe miezi hii ya mwanzo maji lita moja na nusu unayapata kwa kunywa funda funda kutwa nzima, na protini kwa milo mitano sita, ukifunga huo muda wote unakuwa umefungwa na usiku haukutoshi kuvifidia, huwezi kugugumia kama zamani. Madaktari wengi wanataka ipite miezi 6 mpaka mwaka, na wengine zaidi, kabla mtu hajajaribu, na hata hapo kwa ruhusa ya anayekutibu na baada ya kupima damu. Upande wa dini muulize sheikh wako unayemwamini ukishapata maneno ya daktari, ruhusa ya mgonjwa imo kwenye Kurani na siku zake zinalipwa au kufidiwa.

Mwakani inshallah ukifunga, jihadhari na futari yetu. Tende moja tu, sio saba, alafu supu ya samaki au kuku, alafu kitoweo. Tambi za sukari, kaimati, visheti na juisi ya ukwaju au embe ndo vinavyopeleka mtu chooni badala ya tarawehe. Daku usiikose na iwe ya mayai au mtindi. Ukiona kizunguzungu, mkojo mweusi kama chai ya rangi, fungua.

Nywele zinatoka kwa mafungu, nikichana zinajaa kitana. Miezi minne tangu baipasi. Na mtaani washaanza kunong'ona nina ngoma. Morogoro.

Nywele kwanza. Mwili ukipitia mshtuko wa operesheni na kupungua haraka, nywele nyingi zinaingia kwenye mapumziko kwa pamoja, zinadondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, alafu zinaota tena. Hutabaki na upara. Fikisha protini yako, pima madini ya chuma na zinki, usisuke kwa kukaza, dawa za kunyoosha weka pembeni. Zikiendelea kutoka baada ya mwaka hapo kuna upungufu wa kitu tukitafute.

La mtaani limeniuma. Hudaiwi maelezo ya mwili wako na mtu yeyote. Wala wanaoishi na virusi hawastahili kufanywa tusi la mtaa, wanakunywa dawa zao wanaishi. Chagua watu wawili watatu unaowaamini uwaambie ukweli, hao ndo watakaokushika siku ukizidiwa, wengine waache waongee mpaka wachoke.

Niko Nakuru, baipasi yangu iko na miaka miwili. Vitamini niliacha mwaka jana juu nilikuwa nasikia poa. Siku hizi nachoka, nikipanda ngazi moyo unadunda, vidole vinawasha kama sindano. Dawa ya damu nimeanza kumeza asubuhi na chai ya maziwa lakini sioni tofauti.

Hapa ndo penye ugomvi wangu na nyinyi, na naongea kwa mapenzi. Vitamini za baipasi ni za maisha, sio za mwaka mmoja. Sehemu ya utumbo iliyorukwa ndo ilikuwa inafyonza chuma na kalsiamu kwa wingi, na B12 inahitaji kemikali inayotengenezwa na tumbo ambalo sasa chakula hakilipitii. Hata ule vizuri vipi, hiyo mashine imeondolewa njiani. Ini lina akiba ya B12 ya muda mrefu, ndo maana mwaka wa kwanza ulijisikia poa, akiba ilikuwa inakubeba. Hiyo michomo ya vidole yaweza kuwa B12, na ikiachwa sana hairudi, kwa hiyo wiki hii kapime wingi wa damu, ferritini (yaani akiba ya chuma), B12, foleti, vitamini D na kalsiamu.

Kawaida wanaofanya baipasi wanahitaji multivitamini kila siku, B12 ya kumeza mikrogramu 350 hadi 1000 kwa siku au sindano ya 1000 kila mwezi, kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500 iliyogawanywa mara mbili tatu, iliyo bora ni ile ya sitreti maana haihitaji asidi ya tumbo, vitamini D yuniti 3000 hivi, na chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayeona siku zake. Kipimo chako halisi daktari akupangie baada ya majibu. Na chai ndo imekuangusha dada yangu, chai inashika chuma kisifyonzwe na maziwa yana kalsiamu inayogombana nacho. Meza chuma na maji na kipande cha chungwa au ndimu, chai isogee saa moja au mbili mbele, kalsiamu ikae mbali na chuma angalau masaa mawili. Chuma weka usiku ukitaka kulala, kalsiamu asubuhi na mchana, utazoea. Alafu vipimo kila mwaka hata ukisikia poa, hasa ukisikia poa.

Dada nimepungua kilo 30 tangu slivu miezi saba iliyopita, mwezi huu sijaona siku zangu, na mi nilishaambiwa sishiki mimba. Alafu mgongo unauma nameza diklofenaki kila siku. Dodoma.

Pima mimba leo. Uzito ukishuka mayai yanaanza kupevuka tena, wengi waliokata tamaa wanashika bila kutegemea, ndo maana tunawashauri wasubiri miezi 12 hadi 18 kwa sababu mwili bado unapungua na mtoto anahitaji akiba. Kwa wanaosubiri, vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi vinaweza visifyonzwe vizuri, kijiti au kitanzi ni salama zaidi. Ukiwa umeshashika usiogope, wengi wamejifungua salama, ila kliniki uanze mapema, waambie kuhusu slivu, foliki asidi uanze, multivitamini iliyo na vitamini A ya aina ya retinoli ibadilishwe, na wakitaka kukunywesha lile glasi la glukozi kupima kisukari cha mimba uwakumbushe linaweza kukuletea dampingi, waombe wakupime kwa kidole kwa siku kadhaa badala yake.

Diklofenaki iache leo, na aibuprofeni na aspirini ya maumivu nazo. Kwa aliyefanya baipasi zinachimba vidonda pale palipoungwa, vinavuja damu hata kutoboka, kwa slivu nako sio nzuri, na kwa mjamzito ndo kabisa usitumie bila daktari. Panado inatosha kwa sasa kwa kipimo kilichoandikwa. Ukiona choo cheusi kama lami au unatapika kitu kama kahawa, usisubiri kliniki, nenda dharura.